Nukta Kumi na Moja za Kilimani

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ile yalinyesha manyunyu mepesi yasiyo na haraka, yale ya kulowesha mabega bila kumfanya mtu akimbie, na ukungu ulikaa juu ya mapaa kama blanketi ambalo mwenyewe amesahau kulikunja.

Kwa watu wengine manyunyu ni manyunyu tu. Kwa Mama Gundi yalikuwa adui wa kazi. Alifika saa moja na nusu, akavua viatu vilivyolowa, akapita dirisha hadi dirisha akiyafunga yote, kwa maana Jumba la Mimea lilikuwa na karatasi elfu arobaini zenye mimea iliyokaushwa, na unyevu ukikaribishwa kwenye kabati moja, kuvu haibishi hodi kwenye la pili. Alipomaliza alisimama mbele ya kabati la kwanza, akafumba macho, akasali kama alivyosali kila asubuhi kwa miaka ishirini na tatu: "Bwana, ilinde kazi ya mikono yetu, na panya nao uwape riziki yao mahali pengine."

Jina lake halisi lilijulikana na mlipa mishahara peke yake. Wengine wote walimwita Mama Gundi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupokea mmea uliobanwa ndani ya magazeti mpaka ukakauka, kuubandika kwenye karatasi ngumu, na kuweka lebo kwenye kona ya chini: jina la mmea, mahali ulipochumwa, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, tarehe, na aliyeuchuma. Alikuwa na mkono mwepesi. Ua lililokauka hata likawa kama bawa la nondo, yeye alilibandika likiwa na petali zake zote.

Saa nne Daktari aliita watu wote kwenye chumba cha mikutano. Huyu alikuwa mkuu wa kitengo cha mikunde, yaani ukoo mzima kuanzia kunde na choroko hadi migunga mirefu yenye miiba, maana wataalamu hawaangalii ukubwa wa mmea bali ganda lake la mbegu. Alikuwa kijana mwenye elimu ndefu kuliko subira, na siku hiyo alivaa tai.

Ukutani palining'inia ramani. "Miaka mitano ya kazi," alisema Daktari, akiipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Mikunde yote ya asili ya nchi yetu, na mahali kila mmoja unapoota. Kila nukta ni karatasi moja kutoka kwenye makabati yetu."

Nukta zilikuwa nyingi kandokando ya barabara kuu na chache kwingineko. Mhasibu aliuliza kama ni kweli mikunde inapenda lami. Daktari alijibu kwamba wakusanyaji wa zamani ndio waliopenda lami, kisha akaweka kidole mahali palipokuwa na nukta kumi na moja nyekundu, zimekizunguka kilima kimoja kama surua.

"Lakini lulu ya ramani ni hii. Kunde-mwitu ya ganda la manyoya. Haipatikani popote duniani isipokuwa kwenye kilima hiki. Ndiyo maana mwaka juzi nilipoitangaza kama spishi mpya niliipa jina la kilima chenyewe. Na leo nina habari njema: kamati imekubali. Kilima chote kitazungushiwa uzio. Nyumba thelathini na nane zitahamishwa, na ardhi itarudi kuwa ya wenyeji wake halisi."

Watu walipiga makofi. Soda zikafunguliwa. Daktari alimgeukia Mama Gundi akiwa na uso wa furaha tupu. "Mama Gundi, si ndiko kwenu huko? Kwenu kumeingia kwenye ramani!"

Mama Gundi aliishika soda yake kwa mikono miwili. Nyumba mojawapo kati ya hizo thelathini na nane ilikuwa ya mama yake mzazi, pamoja na shamba la maharage, kaburi la baba, na kisima alichokichimba babu. Hilo peke yake lingetosha kumharibia soda. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na jambo hilo alilijua yeye na Mungu tu: zile nukta kumi na moja alizitia yeye.

Ilikuwa hivi. Mwaka wake wa tatu kazini, mkusanyaji mmoja aliyeitwa Mzee Buti, kwa kuwa hakuwahi kuonekana na kiatu kingine, alirudi kutoka safari ya miezi minne. Alikuwa amevuka mto uliofurika. Mimea aliibeba kichwani, ikapona. Daftari alilibeba mfukoni, likageuka uji.

"Zote nimekumbuka nilikozichuma," alisema Mzee Buti, "isipokuwa hizi kumi na moja. Zitupe."

"Kwa nini nizitupe, mzee? Ni nzuri."

"Karatasi isiyo na mahali haina kazi, binti. Huo ndio utaratibu."

Mama Gundi alizitazama. Zilikuwa na maganda yenye manyoya laini, na maua ya zambarau ambayo yalikataa kupauka. Roho ikamuuma. Mzee Buti alipokwenda kunywa chai, alichukua kalamu akaziandikia kilima cha kwao. Na kwa kuwa alikuwa akipakumbuka sana nyumbani, hakuzirundika mahali pamoja kama mtu mvivu. Alizigawa kwa upendo: moja kileleni, moja kando ya kisima, moja nyuma ya shule, moja kwenye kijia cha kanisani, na kadhalika, mpaka kila moja ikapata kwake. Mzee Buti aliporudi alizisoma, akasema, "Kumbe nilipita huko!" akaweka sahihi. Miaka sita baadaye alifariki, akiamini hivyo.

Kwa muda mrefu Mama Gundi hakuliona kuwa ni kosa. Alidhani lebo ni kama jina la ubatizo: mtoto asikae bila jina. Hakujua karatasi zile ni za nini hasa, wala hakuna aliyemweleza. Yeye alipewa gundi, si maelezo. Ni mwaka huu tu, alipojiunga na masomo ya jioni ya watu wazima, ndipo alipofundishwa kwamba lebo ni ushahidi, na kwamba kutokana nayo watu huamua mmea upi unalindwa na wapi. Usiku wa somo lile hakula. Na bado alijituliza: karatasi kumi na moja kati ya elfu arobaini, nani atazitazama?

Mchana alipiga moyo konde akaenda mlangoni kwa Daktari.

"Daktari, zile karatasi za kilimani..."

"Nzuri ajabu! Umezibandika vizuri kuliko zote. Nimekutaja kwenye shukrani za makala, hujaona?"

"Nimeona, baba. Lakini zile lebo..."

"Lebo zilinisumbua kidogo, sikufichi. Vimo vilikuwa vya kiajabu. Lakini nimeviandikia maelezo chini ya ukurasa. Vipimo vya zamani vilikuwa havina akili." Simu ikalia. Daktari akaipokea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamwonyesha Ijumaa kwenye kalenda: watakwenda kilimani pamoja, na Mama Gundi ndiye atakayewatambulisha kwa wenyeji.

Jioni darasani alijaribu njia ya kuzunguka. Mwalimu alipouliza kama kuna swali, alinyosha kidole. "Mwalimu, je, mtu akiandika mahali ambapo si penyewe, kwa nia njema tu, inakuwaje?"

Mwalimu alivua miwani. "Kwa nia njema? Mama, ni mtu wa aina gani angefanya jambo kama hilo?"

"Mpiga ramli!" alidakia seremala kutoka dawati la nyuma, na darasa likavunjika mbavu. Mama Gundi alicheka nao, kwa sauti kuliko wote.

Akabaki na sala. Alisali Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa magoti ambayo yalikuwa yameanza kulalamika. Hakuomba ujasiri wa kusema, kwa maana aliogopa angepewa. Aliomba jambo ambalo kwake lilikuwa jepesi zaidi: kwamba Bwana aioteshe kunde-mwitu ya ganda la manyoya pale kilimani kabla ya Ijumaa. Yeye aliyeumba mimea yote kwa siku moja hatashindwa na miche kumi na moja kwa siku tatu. Na kama ikimpendeza, mmoja awe kando ya kisima.

Ijumaa waliondoka alfajiri katika gari la ofisi: Daktari, Mama Gundi, dereva, na Afisa wa Hifadhi, mwanamume mpole aliyebeba vigingi vya mpaka mapajani kama mtu anayepeleka maua. Saa tatu walikuwa uani kwa mama yake Mama Gundi.

Bibi yule alikuwa na miaka themanini na jembe mkononi. Daktari aliinama kwa heshima. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari? Afadhali umekuja. Goti hili la kushoto."

"Mimi ni daktari wa mimea, mama."

"Ee, basi njoo uyaone maharage yangu, yana madoa majani yote."

"Magonjwa ya mimea nayo si upande wangu. Mimi naainisha. Napanga mimea kwa koo zake na kuipa majina."

Bibi alimtazama kwa huruma. "Kwa hiyo wewe unatibu majina."

Dereva aligeuka upande akajifanya anakohoa. Daktari hakukasirika. Kwa upole alimweleza kwamba maharage, ingawa ni ya ukoo wa mikunde, si ya asili ya hapa. Yaliletwa. Kwa lugha ya kitaalamu ni mgeni.

"Mgeni!" Bibi aliegemea jembe. "Nimeyakuta hapa nilipozaliwa. Mama yangu naye aliyakuta. Mgeni gani huyu anayekaa karne nzima na kulisha wenye nyumba?"

"Kisayansi, mama, bado ni mgeni. Mwenyeji ni kunde-mwitu ya ganda la manyoya."

"Huyo simjui."

"Haiwezekani. Imejaa hapa."

"Mwanangu, mimi naokota kuni kwenye kilima hiki tangu sijaota meno ya ukubwani. Kila kinachotambaa hapa nimeshakikanyaga. Huyo mwenyeji wako hajawahi kuja kunisalimia."

Mama Gundi alikuwa akifunga na kufungua kanga yake kiunoni. Mama yake alimwona. Mama mzazi huona.

Walitafuta saa nne nzima. Walitafuta kando ya kisima, na Mama Gundi ndiye aliyetangulia mbio, akipekua majani kwa mikono miwili huku midomo ikicheza kimyakimya. Waliona kunde za kawaida, mgunga mmoja mzee, na mbuzi wa jirani. Nyuma ya shule waliona mpira wa makaratasi. Kileleni Daktari alitoa kifaa chake cha kupimia, akakisoma, akakitikisa, akakisoma tena. "Mita elfu moja mia mbili na arobaini. Lebo inasema elfu moja mia tisa arobaini na tano." Akaguna. "Nilisema. Vipimo vya zamani."

Alikaa juu ya jiwe akiwa amechoka na mwenye huzuni ya kweli, kama mtu aliyefika msibani kwa kuchelewa. Kisha akafungua daftari lake, na Mama Gundi, aliyesimama nyuma yake, alisoma alichokiandika: *Haikuonekana. Imetoweka kutokana na kilimo. Wakazi wahamishwe mapema iwezekanavyo ili irudi.*

Basi hilo ndilo lilikuwa jibu la sala yake. Aliomba mmea uote, akapewa hukumu ya mama yake.

Saa tisa wanakijiji walijaa kwenye darasa la shule ya msingi, wamebanana kwenye madawati ya watoto na magoti yamewafika kifuani. Afisa wa Hifadhi aliviegemeza vigingi ubaoni akasoma tangazo kwa sauti ndogo. Watapewa viwanja bondeni. Wavune kilichopo, wasipande tena. Daktari aliongeza, bila ubaya wowote, kwamba kwa bahati mbaya majembe yao yameua kiumbe ambacho dunia nzima hakina mwenzake.

Mwenyekiti wa kijiji alijikuna shingo. "Sasa tuombe radhi kwa nani?" aliuliza, na hakuwa anatania.

Bibi ndiye aliyesimama kwanza, akishika dawati. "Mume wangu amelala pale nyuma ya nyumba. Naye anahamishwa, au yeye ni wa asili?"

Na hapo Mama Gundi alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuiamuru miguu.

"Hawajaua kitu," alisema. "Hiyo kunde haijawahi kuota hapa. Nilidanganya mimi."

Daktari alitabasamu kwa wema. "Mama Gundi, najua ni kwenu, inauma. Lakini karatasi ni karatasi. Ni ushahidi."

"Karatasi niliziandika mimi, baba. Daftari la Mzee Buti lililowa mtoni. Nikaonea huruma majani, nikayaandikia kwetu."

"Sahihi ni ya Mzee Buti."

"Alisaini nilichomwandikia."

"Na vimo? Mtu hawezi kubuni vimo kumi na moja."

Mama Gundi alilionyesha jalada la Daktari kwa kidole. "Una nakala za lebo hapo? Zisome, Daktari. Soma kwa sauti."

Daktari alifungua jalada, zaidi kwa kumridhisha. "Kileleni: elfu moja mia tisa arobaini na tano."

"Huo ni mwaka aliozaliwa mama," alisema Mama Gundi.

Bibi akaitika, "Ndiyo, umeandikwa kwenye cheti cha ubatizo."

"Kando ya kisima: elfu moja mia tisa sitini na nane."

"Ndio wangu."

"Kijia cha kanisani: elfu moja mia tisa sitini na tano."

"Mimi huyo!" kaka yake alipaza sauti kutoka dirishani, akishangaa kuitwa.

"Nyuma ya shule..." Sauti ya Daktari ilianza kupungua. "Elfu moja mia tisa sabini na nne."

"Kitinda mimba wetu!" walijibu watu watatu kwa pamoja, na darasa zima likaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, halafu madawati yakalia. Kwa kila mita aliyoisoma Daktari, shangazi au binamu aliinua mkono kama mwanafunzi kwenye mahudhurio. Ukoo mzima ulikuwemo kwenye sayansi.

"Fomu ilikuwa na nafasi ya tarakimu nne," alisema Mama Gundi kwa aibu. "Sikutaka kuiacha tupu."

Daktari alifunga jalada. Hakuwa akicheka. Alikuwa akikumbuka, bila shaka, maelezo yake ya chini ya ukurasa, ambamo alifafanua kitaalamu kwa nini shule iliyo chini ya kilima ilikuwa juu kuliko kilele.

"Sasa inaota wapi?" aliuliza polepole, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Mungu ndiye anayejua, baba. Mahali fulani kati ya ofisi yetu na ule mto."

"Na jina? Nimeipa jina la kilima hiki. Kwa sheria za majina, jina likishatangazwa halifutwi kwa sababu ya kosa la mahali. Litabaki hivyo daima."

"Acha libaki," alisema Bibi. "Ikipotea itajua pa kuulizia."

Kisha alimgeukia binti yake, na kicheko kikakatika. "Na wewe. Ulitaka kuniuza kwa ajili ya majani makavu?"

"Sikukusudia, mama. Nilipakumbuka tu nyumbani."

"Mtu akikumbuka nyumbani huja. Haandiki." Lakini alimshika mkono alipokuwa akisema.

Afisa wa Hifadhi alikuwa amekwisha kukusanya vigingi vyake, ila hakutoka. Alisema kwa upole uleule kwamba yeye hana uwezo wa kufuta uamuzi, na kwamba kamati haiwezi kuandika kwenye kumbukumbu kuwa watu walicheka darasani. Kamati inataka karatasi, na inataka mtu. "Nani atasimama mbele yao akayasema haya?"

Daktari alimtazama Mama Gundi. Wote wawili walijua utaratibu wa Jumba la Mimea. Pale lebo haifutwi wala haichanwi, hata ikiwa ya uongo mtupu. Anayeona kosa hubandika karatasi ndogo ya masahihisho kando yake, yenye tarehe na jina lake, na kosa na sahihisho hukaa pamoja ubavu kwa ubavu mpaka mwisho wa dunia, ili kila ajaye asome yote mawili. Tangu lile somo la jioni Mama Gundi alikuwa akimwomba Mungu amfutie jambo hili. Sasa aliona kwamba hatafutiwa. Atasahihishiwa, na mwenye gundi ni yeye. Alikuwa na mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na huenda asiumalize.

Alitoka nyuma ya dawati akasimama pale palipokuwa na vigingi. Akamtazama mama yake, na mwenyekiti, na Daktari, na kaka yake dirishani.

"Nyinyi nyote ni mashahidi wangu, na aliye juu ni shahidi wa kwanza," alisema. "Jumatatu, kabla sijafunga hata dirisha moja, nitabandika masahihisho kumi na moja, na kila moja nitaliandikia jina langu kamili, si la utani, na neno moja la mahali: *hapajulikani*. Jumanne nitayabeba mwenyewe nisimame mbele ya kamati, niulizwe na nijibu. Na maadamu bado ninashika kalamu, naahidi, mahali nisipopajua sitapaandika tena, hata pawe pazuri kiasi gani."